Bolti Iliyoshika Kutu: Subira Kabla, Ukweli Baada

(Mada hii ilitolewa kwenye mafunzo ya madereva, mafundi wa karakana na waratibu wa miradi. Tunaichapa karibu kama ilivyosemwa, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wanatunza malori ya zamani.)



Nimepewa mada ambayo kwenye ratiba imeandikwa kwa maneno machache: kufungua bolti zenye kutu na kutoa zilizokatika. Pengine mratibu mmoja amejiuliza kama jambo hili linastahili saa nzima. Tulifikirie hivi. Bolti moja ndogo ya ekzosi ni kitu cha kununua kwa fedha ya chai na maandazi. Ikikatika ndani ya injini, lori linalala gereji. Lori likilala, mabomba ya maji hayafiki kijijini, mahindi hayatoki ghalani, na dereva na utingo wake wanakaa kivulini huku siku zao zikihesabiwa. Fundi akiitoa kwa pupa, anaweza kuharibu silinda hedi nzima. Hapo tumekwisha kutoka kwenye fedha ya chai na kuingia kwenye bajeti ya robo mwaka.

Hiyo ni hasara ya fedha. Iko nyingine iliyo kubwa zaidi: jicho la kijana, mkono wa fundi, na maisha ya watu waliomo ndani ya gari gurudumu linapochomoka. Kwa hiyo leo nina mambo mawili ya kuwaambia, na mengine yote ni maelezo yake. La kwanza, bolti yenye kutu inataka muda kuliko nguvu. La pili, bolti ikishakatika au kuchoka, tuseme kweli juu yake na tusiifiche.

Kutu ni kitu gani?

Wengi tunaiona kutu kama uchafu uliokaa juu ya chuma. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kilichoungana na maji na oksijeni ya hewani, kikawa kitu kingine. Na kitu hicho huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokizaa, angalau mara mbili. Sasa fikirini nafasi iliyopo kati ya nyuzi za bolti na nyuzi za nati: ni nyembamba kama unywele. Kutu inapozaliwa humo haina pa kwenda. Inavimba na kubana pande zote. Ndiyo maana nati iliyofungwa kwa nguvu ya kawaida miaka kumi iliyopita leo inaikataa hata paipu ya mita moja. Na wakati huohuo bolti yenyewe imepungua unene, kwa sababu sehemu yake imegeuka kutu. Imebana zaidi, na imedhoofika zaidi. Mkilishika hilo, mtaelewa kwa nini bolti hukatika hata mikononi mwa fundi mzuri.

Rafiki mkubwa wa kutu ni chumvi. Ninyi mnaofanya kazi Tanga, Lindi, Mtwara na Pwani mnaijua hewa ya bahari. Walioko Kigoma wanayajua malori yanayobeba chumvi ya Uvinza. Mbolea nayo inakula chuma, na mkojo wa mifugo pia. Lakini iko chumvi nyingine ambayo hatuioni. Malori mengi tunayonunua yakiwa yametumika hutoka Uingereza na Japani. Uingereza, wakati wa baridi, barabara humwagiwa chumvi ya mawe ili barafu isigande. Sehemu za Japani zenye theluji nyingi hufanya vivyo hivyo. Lori linafika bandarini limepigwa rangi linang'aa, lakini chini yake limekuja na kutu ya miaka kumi. Kwa hiyo siku ya kununua, lala chini ya gari na tochi. Usiangalie kabini tu.

Kabla ya kushika spana

Kazi ya kufungua bolti huanza na brashi ya waya. Safisha kichwa cha bolti, safisha nyuzi zilizojitokeza, kwangua matope na rangi. Mafuta hayapenyi kwenye matope. Na nati ikishaanza kuzunguka, uchafu ulio kwenye nyuzi za nje huingia ndani yake na kuibana upya.

Halafu tambua bolti yako. Malori yetu ni ya mataifa mengi. Bedford za aina ya J, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958 na ambazo baadhi ya wazee hapa wamezikulia, vipimo vyake ni vya inchi. Isuzu, Fuso na Mercedes-Benz ni vya milimita. Nati ya nusu inchi ukiikamata kwa spana ya milimita 13, spana inacheza kwa milimita 0.3. Kwenye nati laini hutaona tatizo. Kwenye nati iliyoshika kutu, nafasi hiyo ndogo inatosha kulainisha pembe zote sita, na nati ya mviringo haina pa kushikwa. Spana inayocheza irudishe kwenye boksi. Tumia soketi yenye pembe 6 kuliko ile ya pembe 12, maana ile ya 6 hukaa kwenye bapa za nati na haivunji ncha zake.

Tena, jiulize bolti inafunguka upande gani. Malori mengi ya zamani ya Uingereza na ya Japani yana nyuzi za kushoto kwenye magurudumu ya upande wa kushoto. Nati hizo hufunguliwa kwa kuzungushwa kama mshale wa saa unavyokwenda, kinyume na mazoea yetu. Ziko studi zilizokatika kwa sababu watu wawili waliingia kwenye paipu wakidhani wanafungua, kumbe wanakaza. Mara nyingi mwisho wa studi huwa na herufi: L ni kushoto, R ni kulia. Kwangua kutu usome kwanza.

Mafuta na muda

Dukani yapo mafuta ya kupenya ya kopo. Yale maarufu ya WD-40 yalitungwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na tangu hapo yametokea mengine yaliyokusudiwa hasa kwa kutu. Kama mfuko unaruhusu, nunua. Kama hauruhusu, mafundi wengi huchanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo ni mwepesi na unapenya vizuri. Lakini asetoni hushika moto haraka, kwa hiyo changanya kidogo tu, tikisa kila unapotumia, na usiuweke karibu na mtu anayechomelea. Huko vijijini dizeli na mafuta ya taa vimesaidia miaka yote. Vinakwenda polepole zaidi, lakini vinakwenda.

Kuliko aina ya mafuta, kinachosaidia zaidi ni saa. Kutia mafuta na kukamata spana papo hapo ni kupoteza mafuta. Panga hivi: kama lori litafunguliwa Jumatatu, dereva alitie mafuta Ijumaa jioni, arudie Jumamosi, na kila mara agonge kidogo kichwa cha bolti kwa nyundo. Kugonga huko huzipasua chembe za kutu na kufungua njia ya mafuta. Dakika tano za dereva siku ya Ijumaa huokoa siku nzima ya fundi. Haraka haraka haina baraka, na kwenye bolti methali hiyo ina ushahidi.

Mbele na nyuma

Wakati wa kufungua ukifika, anza kwa kukaza. Mtashangaa, lakini sogeza nati kidogo sana upande wa kukaza, hata kwa upana wa ukucha tu. Nia ni kuvunja mshiko wa kutu. Ukisikia mlio mkavu wa "ka!", hiyo ni habari njema: kutu imeachia. Sasa fungua robo mzunguko, rudisha kidogo, tia mafuta, fungua tena. Mbele na nyuma, mbele na nyuma. Ukivuta upande mmoja tu, unga wa kutu hujikusanya mbele ya nyuzi na kukaza kama kabari.

Vijana, zoezeni mkono usikilize. Bolti inayofunguka huenda kwa mishtuko na milio. Bolti inayotaka kukatika huenda laini, bila mlio, kama unasokota ubani. Ukihisi ulaini huo ilhali kichwa hakijainuka, simama mara moja! Bolti inajinyonga shingo. Irudishe ilikotoka, tia mafuta, kanywe maji, kisha tufikirie moto.

Jambo moja la usalama hapa. Paipu ndefu juu ya spana huongeza nguvu, na nguvu hiyo ikiachia ghafla mtu huanguka. Nati za gurudumu zilegezwe gurudumu likiwa bado chini. Usiingie kwenye paipu wakati lori limesimama juu ya jeki peke yake. Weka stendi au magogo imara, na zuia magurudumu mengine.

Moto, na mahali ambapo moto haupelekwi

Chuma kikipata joto hutanuka. Nati yenye kipenyo cha milimita 24, ikiongezewa joto nyuzi 300 za Selsiasi, hutanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo, lakini kutu haivumilii hata hicho. Kwa hiyo moto upelekwe kwenye nati au kwenye chuma kinachoizunguka bolti, si kwenye bolti. Ukiipasha bolti, inavimba na kubana zaidi. Pasha haraka, mahali padogo, acha ipoe kidogo, kisha gusisha mshumaa kwenye ungio. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi. Mafundi wengi wanaiamini nta kuliko mafuta yoyote.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ziko sehemu ambazo moto haupelekwi.

1. Gurudumu lenye tairi. Usipashe nati ya gurudumu kwa gesi, wala usichomelee rimu, tairi likiwa limefungwa. Joto la rimu huipika raba kwa ndani, raba hutoa gesi zinazowaka, na gesi hizo zikichanganyika na hewa iliyomo tairi hulipuka kama bomu. Laweza kulipuka hata moto ukishazimwa. Kupunguza upepo hakutoshi, kwa sababu hewa bado imo. Mafundi wamekufa kwa njia hii katika nchi nyingi. Nati ya gurudumu iliyokataa kabisa pasuliwe kwa tindo au kwa kifaa cha kupasulia nati, au itobolewe kwa drili.

2. Tangi la mafuta, bomba za dizeli na bomba za breki. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke ndio unaolipuka.

3. Shokabzoba. Ni chombo kilichofungwa chenye mafuta ndani, kikipashwa hupasuka.

4. Sehemu za aluminiamu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi kwanza kama chuma. Utaona kipande kizima, kisha utaona kimeanguka chini.

Tena, usichomelee mahali palipopuliziwa kisafishio cha breki chenye klorini. Kikikutana na moto wa kuchomelea huweza kutoa fosjini, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Bolti zilizopakwa zinki nazo hutoa moshi unaomtia fundi homa na kutetemeka usiku ule. Chomelea nje, penye upepo. Weka ndoo ya mchanga na kizima moto karibu. Miwani ya kinga ivaliwe tangu brashi ya waya, na isingoje hadi kuchomelea.

Ikishakatika

Imekatika. Usitupe spana, usigombane na utingo. Angalia imekatikia wapi.

Kama kipande kimejitokeza nje, bado uko pazuri. Kikiwa kirefu, funga nati mbili juu yake, zikaze moja dhidi ya nyingine, kisha zungusha ile ya chini. Kikiwa kifupi, tafuta nati yenye tundu pana kidogo kuliko bolti, iweke juu ya kipande, na chomelea kupitia ndani ya tundu mpaka lijae. Hapo kuna faida mbili. Umepata kichwa kipya cha kushika, na joto la kuchomelea limeshaivunja kutu. Acha ipoe mpaka unaweza kuigusa, kisha sogeza mbele na nyuma kama nilivyosema. Nati ikikwanyuka, weka nyingine. Kwenye studi za ekzosi fundi hurudia hata mara tatu au nne, na ya nne ndiyo inayotoka. Kabla ya kuchomelea kwa umeme, chomoa waya za betri, na bana waya wa ardhi karibu kabisa na mahali pa kazi, ili umeme usipite kwenye beringi.

Kama imekatikia usawa wa uso au ndani zaidi, hapo ni kazi ya drili. Piga uso wa bolti kwa tupa mpaka uwe bapa. Tafuta katikati kwa makini na upige alama kwa panchi. Dakika kumi za kutafuta katikati si nyingi: tundu likienda upande, biti italiacha chuma gumu la bolti na kula chuma laini la hedi. Ukiweza, tumia bomba dogo au bushi ya kuongoza biti. Anza na biti ya milimita 3, mwendo wa polepole, oili juu yake, kisha panda hatua kwa hatua. Kama unayo biti ya kukata upande wa kushoto itumie, maana mara nyingine bolti hujifungua yenyewe wakati wa kutoboa.

Kuna kile chombo cha kuzamisha ndani ya tundu na kuzungusha kinyume. Ni chombo kizuri kwa bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi, ambayo haina kutu. Kwa bolti iliyoshika kutu, kiogopeni. Ikiwa kichwa kizima chenye spana nene kimeshindwa kuizungusha, kijiti chembamba kitaiwezaje? Na kikikatikia ndani, chuma chake ni kigumu kuliko biti zako za kawaida. Umebadilisha tatizo la saa mbili na tatizo la siku mbili.

Njia ya hakika ni kutoboa mpaka kipimo cha tapu. Bolti ya milimita 8 yenye hatua ya nyuzi ya 1.25 hutobolewa kwa 6.8. Ya milimita 10 yenye hatua ya 1.5 hutobolewa kwa 8.5. Ya milimita 12 yenye hatua ya 1.75 hutobolewa kwa 10.2. Ukiwa umekaa katikati, kitakachobaki ni nyuzi nyembamba za bolti ya zamani, nawe utazivuta kwa ncha ya sindano kama unavyotoa mwiba. Kisha safisha kwa tapu. Kama nyuzi za hedi zimeharibika, ipo springi ya nyuzi: unatoboa tundu kubwa zaidi, unakata nyuzi mpya na kuzamisha springi, na bolti ya kipimo cha zamani inarudi mahali pake. Ikiwekwa vizuri, ni matengenezo ya kudumu. Kuijaza bolti gundi, au kuichomelea studi kwenye hedi, si matengenezo.

Bolti ya kuokoa na bolti ya kutupa

Hapa nafika kwenye jambo langu la pili. Fundi wa Kiafrika anajua kuokoa vitu, na ni sifa yetu. Lakini si kila bolti ni ya kuokoa.

Studi ya silinda hedi au ya manifodi yenye nyuzi nzima inaweza kuokolewa kwa kuitoa mhanga nati yake. Pasua nati kwa tindo, studi inabaki. Lakini bolti za U zinazoshika springi kwenye ekseli, zikishafunguliwa, zikatwe na zitupwe. Zimekwisha kuvutika, na zikirudishwa hazishiki tena sawasawa. Ekseli ikihama, lori halifuati usukani. Nati za kujifunga zenye ringi ya plastiki nazo ni za safari moja.

Bolti yoyote ya breki, usukani, springi au gurudumu iliyopashwa moto mpaka ikawa nyekundu imepoteza ugumu wake. Kwa macho ni ileile, kwa nguvu siyo. Usiirudishe.

Na studi za magurudumu: ikikatika moja, mzigo wake wote unahamia kwa jirani zake. Kwa hiyo badilisha hiyo pamoja na jirani yake wa kulia na wa kushoto. Zikiwa zimekatika mbili au zaidi kwenye gurudumu moja, badilisha zote. Kuna msemo wa barabarani kwamba nati tano kati ya nane zinatosha kufika. Gari lililofika hivyo halikufika kwa sababu zilitosha, bali kwa sababu haikuwa siku yake. Na studi iliyokatika isichomelewe kamwe. Gurudumu la lori likichomoka halichagui. Linaweza kumwua mama aliyekaa kando ya barabara akiuza nyanya.

Mnaponunua bolti, Gerezani Dar es Salaam au popote, soma kichwa chake. Bolti za milimita huandikwa 8.8 au 10.9, na namba kubwa ni nguvu zaidi. Za inchi za mtindo wa Kimarekani huwa na mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Bolti isiyo na alama yoyote ifunge bodi ya mbao, isifunge springi. Na tazama nyuzi. Bolti ya milimita 10 ya gari la Japani mara nyingi ina hatua ya 1.25, ya Ulaya ina 1.5. Nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi, nusu inchi ya UNC ina 13. Zitaingia mizunguko miwili kwa vidole, ya tatu zitakwama. Kinachokwama kwa vidole kisilazimishwe kwa spana, maana hapo ndipo tunapojitengenezea bolti ya kukatika kesho.

Siku ya kufunga

Fundi mwema anamfikiria mwenzake atakayefungua baada ya miaka mitano. Safisha nyuzi kwa brashi. Paka grisi ya shaba kwenye studi za ekzosi, na grisi ya kawaida kwenye bolti za bodi na za chesisi. Studi za magurudumu zisipakwe grisi nyingi. Tone la oili kwenye nyuzi linatosha kama kitabu cha gari kinaruhusu, na sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu ibaki kavu. Mkijua kwamba grisi hupunguza msuguano, mtaelewa kuwa bolti yenye grisi hukazika zaidi kwa nguvu ileile ya mkono, kwa hiyo msiivute kama mlivyozoea. Kaza nati za gurudumu kwa kukingamanisha, na rudia kuzikaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Dereva aandike kwenye daftari la gari kwamba amerudia.

Neno kwa waratibu

Namalizia na ninyi mnaoshika fedha na ratiba. Bolti nyingi hukatika ofisini kabla hazijakatika gereji. Hukatika pale mratibu anapompigia fundi simu mara tatu kwa saa: "Gari liondoke leo!" Fundi anaacha mafuta, anashika paipu. Mkitaka lori liondoke Jumatano, lileteni Jumatatu.

Wekeni kwenye bajeti vitu vidogo: mafuta ya kupenya, brashi za waya, biti kali, seti ya tapu, miwani ya kinga kwa kila kijana, na boksi la bolti na studi za magurudumu za lori lenu. Vyote kwa pamoja ni mzigo mdogo ukilinganisha na hedi moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na jambo la mwisho, labda kubwa kuliko yote. Fundi akija kwenu na kusema, "Bolti imekatikia ndani, nahitaji siku mbili," msimkaripie. Fundi anayekaripiwa kwa kusema kweli atajifunza kupaka grisi juu ya studi iliyokatika, aweke nati ya mapambo, na gari litaondoka leo kama mlivyotaka. Mtafurahi mpaka litakapofika kwenye mteremko. Afadhali lori lililosimama gereji pamoja na ukweli wake kuliko lori lililoko barabarani na siri yake.

Sasa vijana wachukue miwani, twende nje. Kuna hedi kuukuu mezani yenye studi mbili zilizokatika. Zimetiwa mafuta tangu juzi.